Binti yangu ni beki wa hoki ya barafu, hafungi mabao, na sasa ananificha maumivu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa 13 tunaishi kusini mwa Ontario, Canada. Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, zamu ya usiku. Baba watoto anaendesha lori la masafa marefu, tunaonana naye Ijumaa usiku mpaka Jumapili jioni. Nakuandikia nimetoka kazini sasa hivi, hata sare sijavua.

Binti yangu mkubwa, nimwite Zuhura ingawa silo jina lake, ana miaka 16, yuko darasa la 11. Anacheza hoki ya barafu. Alianza akiwa na miaka 8. Shule yao iliwapeleka kuteleza kwenye uwanja wa barafu wa mji, akarudi nyumbani hana habari nyingine mdomoni. Viatu vya kwanza tulimnunulia vya mtumba. Leo yumo kwenye timu ya wasichana ya U18 AA, yaani chini ya miaka 18, ngazi ya ushindani, anacheza beki, na katika timu nzima mtoto mweusi ni yeye peke yake.

Kocha anasema ni mzuri. Mimi, Shangazi, nikuambie ukweli wangu, sioni. Nakaa kwenye vile viti vya baridi na chupa yangu ya chai, naona watoto wa wenzangu wakifunga, wazazi wanarukaruka na kupiga kengele, jina la mtoto linatajwa kwenye spika. La Zuhura halitajwi. Msimu huu amefunga bao moja tu. Linaloonekana ni kosa lake: akipitwa, tukafungwa, watu wote wanamgeukia yeye na kipa.

Sasa yamenifika mambo matatu kwa pamoja.

La kwanza, shule moja ya bweni yenye timu ya hoki, mbali na hapa, imetuandikia kwamba wamemwona kwenye mashindano na wanamtaka. Ada inapita dola 40,000 kwa mwaka, wanasema watatupunguzia robo, na wanataka jibu kabla mwezi haujaisha. Papo hapo akatokea bwana mmoja anayejiita mshauri wa familia. Anataka dola 3,500 amtangaze Zuhura kwa vyuo vya Marekani. Na akamwambia mtoto, mbele yangu, kwamba mabeki hawaonekani, aombe kuchezeshwa mbele. Tangu siku hiyo mtoto anamsumbua kocha ampe nafasi ya fowadi.

La pili, baba yake amesema msimu ukiisha basi. Anasema hakuvuka bahari ili mwanawe akagongane na watu kwenye barafu; anataka asome, awe muuguzi au mfamasia. Bibi yake huko Tanga kila akipiga simu ni hilo hilo: msichana gani huyo?

La tatu, wiki tatu zilizopita Zuhura alisukumwa akagonga kichwa kwenye ukuta wa pembeni. Aliinuka, akamaliza mechi. Asubuhi narudi kazini nakuta chumba giza, mapazia yamefungwa, amejifunga khanga machoni. Akaniambia ni kipandauso. Juzi mdogo wake ndiye aliyeniambia: kichwa kinamuuma tangu siku ile, na alimwapiza asiseme kwa sababu kuna watu wa vyuo wanakuja kutazama. Amecheza mechi mbili na kichwa hicho. Baba yake sijamwambia. Nikimwambia, hoki imekwisha leo.

Nimpeleke huko bweni, nimtoe, au nifanye nini?

Mama Zuhura, Ontario

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilianzia mwisho, kwa sababu uliloliweka la tatu ndilo la kwanza. Kabla ya bweni, kabla ya baba, kabla ya yule bwana wa dola 3,500, kuna kichwa cha mtoto. Ukimaliza kusoma aya mbili zinazofuata, weka simu chini uende kumwona daktari naye. Mengine yatakusubiri.

Hilo giza, hayo mapazia na hiyo khanga machoni ndivyo mtikisiko wa ubongo unavyojionyesha. Kichwa kinauma, mwanga unakera, kelele zinakera, usingizi unaharibika, mtu anasahau alichoambiwa asubuhi. Si lazima azimie. Si lazima hata apigwe kichwani, kwani mshtuko wa mwili unatosha kuutikisa ubongo. Na akitapika mara kwa mara, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, au akianza kuchanganyikiwa, au ukiona mboni moja imekuwa kubwa kuliko nyenzake, usingoje miadi: piga 911.

Wewe uko Ontario, na huko jambo hili lina sheria yake, Sheria ya Rowan ya mwaka 2018. Rowan Stringer alikuwa msichana wa Ottawa, miaka 17, nahodha wa timu ya raga ya shule yake. Mwaka 2013 aliumia kichwa zaidi ya mara moja katika siku chache, akaendelea kucheza, akafa. Sheria yenye jina lake inataka mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko atolewe mchezoni papo hapo, asirudi mpaka daktari au muuguzi bingwa mwenye leseni ya kutibu amruhusu, na arudi kwa hatua: shule kwanza, mazoezi mepesi, kuteleza peke yake, mazoezi bila kuguswa, ndipo mechi. Kocha wako lazima aliwahi kukupa karatasi usaini mwanzoni mwa msimu. Itafute. Mpigie kocha leo, umwambie kila kitu, pamoja na zile mechi mbili. Wale watu wa vyuo waache waje na waende. Watarudi. Ubongo wa miaka 16 ukipigwa mara ya pili kabla haujapona ndio usiorudi.

Na baba yake mwambie leo hii, kwa simu, kabla hajafika Ijumaa. Najua unachokiogopa. Lakini Zuhura ameficha, mdogo wake akafichishwa, na sasa na wewe umeingia kwenye foleni hiyo hiyo. Mtoto anajifunza nini hapo? Kwamba nyumbani kwao maumivu ni siri mradi mchezo uendelee. Mwambie mumeo hivi: mtoto ameumia, nimempeleka kwa daktari, hatacheza mpaka aruhusiwe, na mengine tutazungumza ukifika.

Sasa nikuulize. Kwa nini mtoto wa miaka 16 acheze mechi mbili na kichwa kinachopasuka? Wewe mwenyewe umeandika jibu, pale uliposema jina lake halitajwi kwenye spika. Zuhura anaamini haonekani. Mtu asiyeonekana anaogopa kukosekana hata siku moja, maana akikosekana nani atakumbuka kwamba alikuwepo? Yule bwana amekuja kumwagia mafuta moto uliokuwa unawaka tayari.

Nakwambia haya kwa sababu niliyaona kwangu. Binti yangu alikuwa beki kwa misimu tisa, na misimu mitatu ya mwanzo nilikaa kwenye viti hivyo hivyo kama wewe, macho yananikimbia kufuata kile kisahani cheusi cha raba wanachokichezea badala ya mpira, sijui ninachokitazama. Siku moja mzee mmoja, babu wa kipa wetu, alinishika mkono akaniambia: usikifuate kisahani, mfuate mtoto wako zamu nzima, tangu anaruka ukuta kuingia mpaka anarudi kwenye benchi. Zamu moja si ndefu, haifiki hata dakika. Nikamfuata. Mama Zuhura, nilikuwa sijawahi kumwona mtoto wangu akicheza.

Tazama jambo hili moja. Kisahani kimetupwa kwenye kona, nyuma ya goli lenu. Zuhura anageuka kukikimbilia, mgongo kwa uwanja mzima, na nyuma yake anakuja fowadi mwenye kasi. Kabla hajakigusa, je, anageuza shingo kutazama juu ya bega? Beki mzuri anatazama bega la kulia, anatazama la kushoto, ndipo anafika. Akifika ameshajua nani anamjia na mwenzake yuko wapi, kwa hiyo kisahani hakikai kwenye gongo lake hata sekunde mbili, kimekwenda. Asiyetazama anafika kipofu, na hapo ndipo watoto wanapobamizwa ukutani.

Halafu mtazame anapoteleza kinyumenyume. Fowadi anamjia kwa mbio, yeye anarudi nyuma uso kwa uso naye, gongo limenyooshwa mbele, nafasi kati yao ni kama urefu wa gongo, haipungui haiongezeki. Hamrukii. Anamfungia njia ya katikati kidogo kidogo, fowadi anajikuta amesogea pembeni, ukuta umemkaribia, pembe ya goli imekwisha. Anarusha kisahani hovyo, au anakipoteza. Hakuna aliyepiga kengele, lakini hapo bao limezuiwa. Zuhura akifanya hivyo mara sita kwenye mechi, hayo ni mabao ambayo hukuyaona kwa sababu hayakuwepo.

Na tazama pasi ya kwanza, ile inayotoka kwenye eneo lenu. Mabao mengi yanayotangazwa kwa majina ya watoto wa wenzio yalianzia hapo. Hoki yenyewe inalijua hilo, ndiyo maana bao moja linaweza kuandikiwa watoa pasi wawili. Msikilize mtangazaji vizuri akimaliza kumtaja mfungaji.

Kuhusu mabeki kutoonekana, yule bwana amekudanganya. Ligi ya kulipwa ya wanawake, PWHL, iligawana wachezaji kwa mara ya kwanza Septemba 2023. Timu sita, kila moja ikachagua mchezaji wake wa kwanza katika mgawo huo. Minnesota walimchukua fowadi, Taylor Heise. Boston wakamchukua fowadi, Alina Müller. Wengine wanne? Toronto: Jocelyne Larocque. New York: Ella Shelton. Ottawa: Savannah Harmon. Montréal: Erin Ambrose. Wote wanne ni mabeki. Na Larocque alikuwa na miaka 35 siku hiyo. Alichaguliwa wa pili katika ligi nzima. Mechi ya kwanza ya ligi ilichezwa Toronto tarehe 1 Januari 2024, New York wakashinda 4-0, na bao la kwanza kabisa katika historia ya ligi hiyo alilifunga Shelton, beki.

Mwonyeshe pia Laila Edwards wa Ohio, mwanamke wa kwanza mweusi kuchezea timu ya taifa ya wakubwa ya Marekani, mwaka 2023. Mwaka 2024 alikuwa mchezaji bora wa mashindano ya dunia akiwa fowadi. Baadaye makocha wa Marekani wakampeleka nyuma, awe beki. Wewe unaambiwa umtoe mtoto nyuma umpeleke mbele ndipo aonekane!

Lakini ninayetaka Zuhura amsome vizuri ni Sophie Jaques. Mtoto wa Toronto, mweusi, beki. Alikwenda Chuo Kikuu cha Ohio State, akasomea uhandisi wa ujenzi. Mwaka 2022 chuo chake kilichukua ubingwa wa taifa wa vyuo kwa mara ya kwanza. Mwaka 2023 akapewa tuzo ya Patty Kazmaier, inayopewa mchezaji bora wa kike wa vyuo vya daraja la kwanza Marekani. Mchezaji mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka huo Boston wakamchagua wa 10. Unadhani hapo njia ilinyooka? Februari 2024, ligi ina wiki chache tu, Boston wakambadilisha na wachezaji wengine wakampeleka Minnesota. Binti wa watu amefika juzi, leo anaambiwa funga mizigo. Mei mwaka huo Minnesota wakachukua kombe, na mwaka 2025 wakalichukua tena, naye yumo. Kisha akasaini Vancouver, mojawapo ya timu mbili zilizoongezwa mwaka huo. Na mashindano yake ya kwanza ya dunia na timu ya wakubwa ya Canada alicheza 2025, ana miaka 24. Kutangulia si kufika, mwanangu. Beki huiva polepole kwa sababu kazi yake ni kusoma mchezo, na kusoma kunataka miaka. Anayekuambia miaka 16 umechelewa, na jibu ni kabla ya mwisho wa mwezi, huyo ana kitu anauza.

Sasa upande wa mumeo, maana ana haki yake na sitamnyima. Ligi ni ndogo. Msimu wa 2025-26 ilikuwa na timu 8, kila moja ikiwa na wachezaji 23 hivi. Piga hesabu, hawafiki 200, na mabeki kati yao ni wachache. Mkataba wa ligi ulipoanza uliweka mshahara wa chini kuwa dola 35,000 za Kimarekani kwa msimu, na kila timu lazima iwe na wachezaji sita wanaolipwa 80,000 au zaidi, na viwango hupanda kidogo kila mwaka. Huo ni mshahara wa mtu wa kawaida mwenye kazi ya kawaida. Utajiri haumo. Kwa hiyo baba anaposema asome, anasema kweli.

Pale asipoona sawasawa ni kudhani kwamba kusoma na hoki ni njia mbili. Kwa wavulana labda. Kwa wasichana njia ni moja: karibu wote wanaofika juu hupitia chuo kikuu. Chuo cha daraja la kwanza Marekani hakimpokei mchezaji bila masomo 16 ya msingi ya sekondari na wastani wa alama usiopungua 2.3 kati ya 4.0, na vyuo vizuri vinataka zaidi ya hapo. Vyuo vya kundi la Ivy, Harvard, Princeton na wenzao, havitoi kabisa ufadhili kwa sababu ya michezo. Vinatazama kipato cha familia, na familia ya mlezi wa wazee na dereva wa lori inaweza kusaidiwa sana huko kama alama za mtoto zinaruhusu. Na vyuo vya Canada vyenyewe vina ligi yao na vinaweza kumlipia mchezaji karo. Akitaka ufamasia na hoki, karatasi yake ya kemia inamfungulia milango yote miwili. Muulize Zuhura kemia amepata ngapi tangu aumie. Nadhani utapata sababu nyingine ya kwenda kwa daktari.

Bweni: mwaka huu, hapana. Robo waliyokupunguzia inabaki dola zaidi ya 30,000 kwa mwaka, na akikaa miaka miwili ni zaidi ya 60,000. Hicho sikiiti ufadhili, nakiita bei. Shule iliyomwona kweli na kumtaka itamtaka hata mwezi ujao. Na sitaki mtoto aliyejifunza kuficha kichwa kinachouma akae mbali na macho yako hata wiki moja. Wajibu kwa adabu, mstari mmoja: tunashukuru, mtoto yuko kwenye matibabu, hatutaamua mwezi huu. Utaona wataandika nini.

Yule bwana wa 3,500 usimpe hata senti. Kazi anayotaka kuifanya, Zuhura anaiweza mwenyewe, na makocha hupenda kuandikiwa na mchezaji kuliko na mpambe. Kwa kanuni za vyuo vya Marekani, makocha wa hoki ya wanawake huruhusiwa kuanza kumwandikia mchezaji tarehe 15 Juni baada ya kumaliza darasa la 10. Zuhura yuko la 11, tarehe hiyo imeshapita, mlango uko wazi. Akae aandike barua fupi kwa kila kocha: mwaka atakaomaliza shule, nafasi anayocheza, timu, ratiba ya mechi, alama zake, anuani ya kocha wake, na video. Kwenye video asiweke lile bao moja likirudiwarudiwa. Aweke zamu nzima nzima, za nyuma, hata moja aliyokosea na namna alivyorudi kusahihisha. Kocha anayetafuta beki anatazama hayo. Na asitume mpaka apone. Hapo ndipo ataweza kuandika bila kukaza macho kwenye skrini.

Hela za msimu zikibana, kuna mashirika ya kusaidia watoto wacheze, Jumpstart na KidSport, na taasisi ya Hockey Canada ina mfuko wa kusaidia ada ya usajili. Usione haya kuomba. Imewekwa kwa ajili ya watoto kama wako.

Bibi yake Tanga mwelezee taratibu. Mwambie hoki ya wasichana wa umri huo hairuhusu kumpiga mwenzio kikumbo kwa makusudi, anayefanya anaadhibiwa. Kugusana kupo, ajali zipo, ndiyo maana leo mnakwenda hospitali. Mwambie pia kwamba barafu ya hoki imefika hadi Barabara ya Mombasa, Nairobi, ndani ya Hoteli ya Panari, na Kenya imeingia kwenye shirikisho la dunia la mchezo huo mwaka 2024. Pengine atacheka. Akicheka umeshinda nusu.

Mumeo naye usibishane naye juu ya mchezo asioujua. Yeye ni dereva wa lori. Mwulize, kabla ya kubadili njia kwenye barabara kuu unafanya nini? Atasema natazama vioo. Mwambie mwanao naye ndiyo kazi yake hiyo.

Zuhura hatacheza kwa wiki kadhaa, na hiyo itamuuma kuliko kichwa. Daktari akisema mwanga na kelele havimdhuru tena, mchukue mwende kutazama timu yake, akae katikati yenu, wewe upande mmoja, baba yake upande wa pili. Mpe chai. Mwambie: mimi miaka minane nimekuja hapa na sijui unachokifanya, nifundishe. Yule beki aliyeshika nafasi yako, amesimama sawa? Kwa nini hakumrukia fowadi? Mwache aseme. Atasema mpaka kipenga cha mwisho.

Na siku atakaporuhusiwa kurudi, mpe baba yake kazi moja tu: ahesabu kwa vidole ni mara ngapi mtoto ametazama juu ya bega kabla ya kukigusa kisahani kwenye kona. Uniandikie alihesabu ngapi.

Shangazi